Homa ya Mtoto na Safari ya Meli kutoka Kigoma hadi Kasanga

Sisi wazazi wa Kigoma, tunapotaka kujua kama mtoto anaweza kusafiri, huwa tunamshika paji la uso. Likiwa la moto tunaahirisha, likipoa tunafunga mizigo. Kwa safari ya basi kwenda Kasulu au Kibondo kanuni hiyo si mbaya sana, kwa sababu njiani kuna vituo vya afya, kuna magari ya kukodi, na abiria anaweza kuomba ashushwe. Kwa safari ya meli katika Ziwa Tanganyika kanuni hiyo haitoshi hata kidogo. Hukumu hii nimeifikia baada ya kulazimika kuamua mara mbili: mara ya kwanza nilikataa kupanda na mtoto mgonjwa, na mara ya pili nikapanda naye akiwa bado anatumia dawa. Ndugu wa mume wangu waliniona kigeugeu. Mimi naona kwamba niliuliza swali lile lile mara zote mbili, na majibu ndiyo yaliyotofautiana.

Niieleze kwanza safari yenyewe, kwa kuwa uamuzi wote unasimama juu yake. Wakati huo MV Liemba, meli kongwe ya abiria ya ziwa letu, ilikuwa haijasimama kwa ajili ya matengenezo, na kwa kawaida iliondoka katika bandari ya Kigoma Jumatano jioni, mara moja kila baada ya wiki mbili, ikielekea kusini hadi Mpulungu nchini Zambia, ambako ilitarajiwa kufika Ijumaa. Kasanga, kwao mume wangu, iko karibu na mpaka, kwa hiyo abiria wa huko alilala majini usiku wa Jumatano na usiku wa Alhamisi, na shehena ikiwa nyingi njiani aliweza kuongeza saa ambazo hakuzipanga. Katikati kuna vituo vingi, Lagosa, Kalya, Ikola, Karema na Kipili vikiwa baadhi yake, lakini sehemu kubwa ya vituo hivyo wakati ule havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko ikapiga honi, mitumbwi ikaja kuizunguka, na watu wakashuka na kupanda kupitia mlango wa ubavuni, wakati mwingine usiku wa manane, huku wakipokezana mabegi, magunia, kuku na watoto wachanga. Upande wa milima ya Mahale hakuna barabara inayofuata ufuko. Mtu akishushwa pale na mgonjwa, amehama kutoka chombo kikubwa chenye taa na kuingia mtumbwi mdogo gizani, na bado hajafika hospitali.

Mara ya kwanza tulikuwa tunakwenda kwenye harusi ya shemeji yangu. Tarehe ilikuwa imepangwa kwa kufuata ratiba ya meli, tiketi za daraja la kwanza tulikuwa tumezipata kwa taabu, na mama mkwe, ambaye alikuwa hajamwona mjukuu wake, alikuwa akipiga simu karibu kila jioni. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Jumatatu usiku akaanza kuchemka. Kulipopambazuka kipimajoto kilionyesha nyuzi 39, na alikuwa ameharisha kidogo, choo laini kisicho na damu.

Tulikwenda kliniki. Alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na majibu yakasema hana. Tabibu akamkagua masikio na koo, akamwangalia kifua, akamvuta ngozi ya tumbo ili kuona kama inarudi upesi, akampa maji akaona anayanywa kwa pupa. Tukapewa dawa ya maji ya kushusha homa, pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki ambavyo mtoto huendelea kuvitumia hata baada ya kuhara kukoma. Kisha akaongeza maneno ambayo nadhani wazazi wengi huyasikia kama salamu za kuagana tu: kama homa haitakwisha, turudi baada ya siku mbili, na kama atashindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilala usingizi usio wa kawaida, turudi mara moja hata kama ni usiku.

Nikamuuliza, "Daktari, anaweza kusafiri?" Akajibu bila kusita, "Anaweza, Mama, ila mpe maji ya kutosha njiani."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipogundua kwamba hakuniuliza ninasafiri kwa chombo gani. Kwa vyovyote alidhani ni Kasulu au Uvinza, kwa sababu ndiko watu wengi wa kliniki ile huenda. Nikarudi ndani, nikawapisha waliokuwa kwenye foleni, nikauliza upya, safari hii nikiwa nimeiweka jiografia ndani ya swali: "Akizidiwa keshokutwa usiku, nisiwe na mahali pa kumpeleka mpaka asubuhi inayofuata, na hapo pawe zahanati ya kijiji, ungeniruhusu niondoke naye?" Yule tabibu akaiweka kalamu chini. Akasema kwamba homa ambayo chanzo chake hakijulikani, kwa mtoto wa umri ule, siku ya kwanza, hawezi kuipa ruhusa ya aina hiyo. Akaeleza pia kwamba kipimo cha haraka kinaweza kukosa vimelea vikiwa bado vichache mwanzoni mwa ugonjwa, na ndiyo sababu mojawapo ya kumtaka mgonjwa arudi.

Hapo ndipo jambo lilinifungukia. Nilikuwa nimeichukulia tarehe ya kurudi kama nyongeza ya matibabu, kumbe ilikuwa sehemu ya matibabu yenyewe, tena ile muhimu zaidi. Tabibu hakuwa amenipa jibu la ugonjwa. Alikuwa amenipa dawa ya kusubiri na miadi ya kuangalia tena. Siku ya miadi ile ingekuwa Alhamisi, na Alhamisi sisi tungekuwa mahali fulani kati ya Kalya na Karema. Kupanda meli kungekuwa sawa na kuchukua nusu ya matibabu na kuiacha nusu nyingine gatini.

Mume wangu hakukubali upesi, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alisema kwamba watoto wa Kirando, Kipili na Kalya huugua kila siku wakiwa kwao, mbali na hospitali, na wanapona. Kwamba chumba cha daraja la kwanza kina kitanda na mlango wa kufunga. Kwamba mama yake ni mtu mzima na kuahirisha kungemuumiza. Mwisho akaleta mzaha. "Mama, meli hii Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande kwa bahari na kwa reli, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Chombo kilichopita yote hayo kitashindwa na mtoto mwenye homa?" Nilicheka, lakini nikamjibu kwamba sikuwa na shaka na meli. Shaka yangu ilikuwa juu ya saa zilizopo kati ya tatizo na msaada. Mtoto wa Kirando akizidiwa, wazazi wake wanajua ni nani mwenye boti, ni nani mwenye pikipiki na mganga analala nyumba ipi, lakini sisi tungekuwa wageni katika kila kituo.

Wifi yangu anayeishi Ulaya, aliyewahi kusafiri kwa meli kubwa za kitalii, alipiga simu jioni ile kutaka kusaidia. Akanieleza kwamba huko meli huwa na zahanati yenye daktari na wauguzi, kwamba abiria huulizwa kuhusu kuhara na kutapika kabla hawajaruhusiwa kupanda, kwa sababu ugonjwa wa tumbo ukiingia ndani huenea upesi, na kwamba mwenye dalili huweza kutakiwa kubaki chumbani mwake. Hata hivyo, aliongeza, mgonjwa aliyezidiwa hashughulikiwi baharini mpaka mwisho; hushushwa kwenye bandari inayofuata au huchukuliwa kwa helikopta ikiwezekana. Ushauri wake ulikuwa mzuri kwa meli alizozizoea. Kwangu ulinisaidia kwa namna ambayo hakuikusudia, maana nilipoondoa daktari, nikaondoa helikopta, nikatazama bandari inayofuata, nilibaki na mtumbwi. Nilijipangia kana kwamba hakuna mtaalamu yeyote ndani ya meli, na nadhani ndivyo mzazi anavyopaswa kupanga katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, hata kama bahati inaweza kumweka karibu na muuguzi anayekwenda likizo.

Jumatano asubuhi mtoto aliamka akicheka. Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote, na laiti ningeweza kuwaonya wazazi juu ya kitu kimoja tu ningewaonya juu ya asubuhi ya namna ile. Homa ilikuwa imeshuka, mabegi yalikuwa mlangoni, na kila mtu nyumbani alikuwa akinitazama. Lakini nilikuwa nimempa dawa ya kushusha homa alfajiri, na dawa ile hushusha joto kwa saa chache bila kugusa chanzo chake. Paji la uso lililopoa saa tatu asubuhi lilikuwa linanieleza habari za dawa, halikuwa linanieleza habari za mtoto. Nikaamua kutompa tena isipokuwa akisumbuka, nisubiri nione. Kufika saa saba mchana joto lilikuwa limerudi pale pale. Mume wangu akakishika kipimajoto muda mrefu, kisha akalitoa begi lake katikati ya mabegi yetu. Alikwenda harusini peke yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumweleza mtu siku ile, ingawa lilikuwa na uzito katika mizani yangu: abiria wengine. Daraja la tatu lilijaa watu na watoto waliolala bega kwa bega, na kutoka chumbani hadi chooni ilikuwa lazima upite katikati yao. Sikujua mwanangu ana nini. Kama ingekuwa surua, mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kuonekana. Kama ingekuwa ugonjwa wa kuhara, sisi wa Kigoma hatuhitaji kukumbushwa. Mwezi Mei mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kilizuka, na ni Liemba hii hii iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta mjini. Nakumbuka tulivyokuwa tukinawa mikono kwa hofu mwaka ule. Nitaongeza jambo dogo la pembeni: anayekwenda kutazama sokwe wa Mahale akiwa na mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua huweza kuwaua. Nimewahi kujiuliza kwa nini tunamhurumia sokwe kuliko mtoto wa mwenzetu anayelala sitahani.

Alhamisi niliitimiza miadi. Mtoto alikuwa bado na homa, alipimwa tena malaria, hakuwa nayo, akapimwa mkojo, ukawa safi. Tukaambiwa tuendelee. Ijumaa homa ikaondoka ghafla, na saa chache baadaye vipele vidogo vya rangi ya waridi vikajaa kifuani, tumboni na shingoni. Jirani yangu aliyekuja kuchukua maji alirudi nyuma hatua mbili na kusema, "Surua hiyo." Nilipomfikisha kliniki, tabibu yule yule alitabasamu. Vipele vya surua, alinieleza, hutoka homa ikiwa kali, mtoto akiwa na kikohozi, mafua na macho mekundu. Vya mwanangu vilitoka homa ikiwa imekwisha, macho meupe, na kadi yake ilionyesha kwamba alichanjwa akiwa na miezi tisa. Ni homa ya virusi inayowapata watoto wengi wa umri ule, hupita yenyewe, na vipele hufutika bila dawa.

Basi ndugu wakapata la kusema. Kumbe kilikuwa kitu kidogo! Kumbe angeweza kusafiri! Mama mkwe, kwenye simu, hakunilaumu moja kwa moja. Alisema tu kwamba sahani yangu ya pilau iliwekwa na baadaye ikapewa watoto wa jirani. Niliumia. Lakini sijawahi kuikubali hoja ile, wala siikubali leo. Kwamba ugonjwa ulikuwa mdogo ni habari iliyofika Ijumaa, na uamuzi ulitakiwa Jumatano. Mtu huamua kwa anachokijua saa ile. Tena hata kwa ugonjwa ule mdogo, nauliza, ingekuwaje vipele vile vingetokea ndani ya meli, alfajiri ya Ijumaa, mbele ya abiria mia kadhaa, bila mtu wa kusema kwa uhakika kwamba si surua? Ningemfunika mtoto kanga na kuomba Mungu. Harusi ningeihudhuria nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba na mtoto ambaye kila mama anamkwepa, na mama mkwe ndiye angekuwa wa kwanza kuona aibu.

Mume wangu alipendekeza kwamba tungeweza kumfuata baadaye kwa barabara, kupitia Uvinza, Mpanda na Sumbawanga, na hilo kwa kweli lilikuwa wazo la busara kuliko meli, kwa sababu Mpanda na Sumbawanga kuna hospitali. Lakini siku zilikuwa zimekwisha, na mimi sikuwa na nguvu ya kukaa ndani ya basi na mtoto aliyetoka kuugua.

Mwaka uliofuata, Agosti, tukapanga tena. Mwanangu alikuwa ametimiza miaka miwili na anakimbia. Na kana kwamba ziwa linamjua, Jumatatu ya safari akashikwa na homa, na safari hii alikuwa na mafua na kikohozi juu yake. Nadhani familia nzima ilishajua nitakalosema. Mimi mwenyewe nilidhani najua.

Kipimo cha malaria kikaonyesha anayo. Huenda ikashangaza, lakini nilipata ahueni, kwa sababu sasa ugonjwa ulikuwa na jina, na jina hilo lina dawa yenye ratiba inayoeleweka. Dawa mseto kwa mtoto wa uzito wake ni kidonge kimoja kwa kila dozi: dozi ya kwanza pale pale, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni mpaka zitimie dozi sita ndani ya siku tatu. Nilikaa na karatasi nikaipanga ratiba ya dawa sambamba na ratiba ya meli. Dozi nne zingeisha kabla ya kuondoka, mbili zingenywewa majini, Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi. Hapakuwa na miadi yoyote iliyoangukia katikati ya ziwa, mradi mtoto aonyeshe nafuu kabla ya Jumatano. Kama asingeonyesha, tungebaki, na nilimwambia hivyo mume wangu Jumatatu ile ile ili asije akaniona ninabadilika mlangoni.

Jumanne mchana homa iliondoka, na sikuwa nimempa dawa ya kuishusha. Jumatano asubuhi akadai ndizi, akala, akaomba nyingine, akampiga dada yake. Kikohozi kilibaki. Nikarudi kliniki kwa ajili ya kikohozi tu, na hapo nesi mmoja mtu mzima akanifundisha jambo ambalo nalitumia hadi leo. Aliniambia nimpakate mtoto akiwa ametulia, halii na hanyonyi, nimfunue tumbo, niiangalie saa ya simu, na nihesabu tumbo linapanda mara ngapi kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto mwenye umri kati ya mwaka mmoja na mitano, pumzi zikifika 40 au zaidi, au kifua kikiwa kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, kikohozi hicho si cha kusafiri nacho. Kinaweza kuwa nimonia. Wangu alihesabiwa akawa 30. Nikauliza swali langu la mwaka uliopita, karibu kwa maneno yale yale, la kuzidiwa usiku na zahanati ya kijiji. Nesi akafikiri, akamtazama mtoto aliyekuwa anajaribu kuifungua droo yake, akasema, "Mama, kwa huyu nakuruhusu. Lakini usipunguze hata dozi moja kwa kuona amepona."

Matayarisho yangu yalikuwa ya mtu mwenye woga, na siyaonei haya. Nilinunua dozi za akiba za dawa mseto, kwa sababu mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, dozi hurudiwa, na katika mawimbi kutapika si jambo la mbali. Agosti ni kiangazi, na upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu ziwani kuanzia Mei hadi Septemba. Watoto walio chini ya miaka miwili husumbuliwa kidogo na kichefuchefu cha safari, lakini wangu ndiyo kwanza alikuwa ameuvuka umri huo, na nesi alinikataza kabisa kumpa vidonge vya kuzuia kutapika ambavyo watu wazima hununua dukani. Nilibeba maji yaliyochemshwa ya kutosha safari nzima pamoja na akiba, kwa kuwa pakiti ya chumvichumvi huchanganywa na lita moja ya maji safi na mchanganyiko hautumiki tena baada ya saa 24, na sikutaka kufikia mahali pa kushusha ndoo ziwani. Nikabeba maziwa na karanga za kusaga, maana dawa mseto hufanya kazi vizuri ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta. Halafu nikaandika kwenye daftari majina ya vituo kwa mpangilio wake, na mbele ya kila kituo nikaandika kile ambacho mume wangu, kwa simu nyingi alizopiga kwa ndugu na marafiki, aliweza kuthibitisha kuhusu huduma ya afya iliyopo na mtu wa kumtafuta.

Alipofika kwenye jina la Karema, mume wangu alinisimulia habari ambayo bibi yake alikuwa akiisimulia, ya Adrian Atiman, mwana wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, na akaja kutibu watu Karema tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1956. Watu walivuka ziwa kwa kupiga makasia ili wamfikie. Nilipoisikia habari hiyo niliacha kujiona mtu wa wasiwasi uliopitiliza, kwa kuwa wazazi wa ufuko huu wamekuwa wakipima umbali wa tabibu kwa mapigo ya kasia tangu zamani.

Ndani ya meli dozi ya Jumatano jioni ilinywewa gatini, kabla hatujang'oa nanga, kwa makusudi, ili ikae tumboni kabla ya mawimbi. Ile ya Alhamisi asubuhi nilimpa meli ikiwa imesimama kupakua, kwa sababu hiyo hiyo. Usiku wa kwanza upepo ulivuma kweli. Watu wazima wengi walitapika, mume wangu akiwa mmoja wao, na mtoto akalala kama gogo. Nilimhesabu pumzi mara kadhaa kwa mwanga wa simu, na hazikuongezeka.

Kilichonitesa hakikuwa ugonjwa, na hapa lazima niwe mkweli kwa wazazi wanaokusanya dawa na kusahau miguu ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili aliyepona malaria jana ni hatari kwake mwenyewe kuliko alipokuwa na homa. Ngazi za meli ni za chuma na zimesimama wima, vizingiti vya milango viko juu, kamba na minyororo imelala sitahani, na kingo zimetengenezwa kwa kumzuia mtu mzima. Kila meli iliposimama na mlango wa ubavuni ukafunguliwa, yeye alitaka kwenda kutazama mitumbwi na kelele za wachukuzi. Nilimfunga mgongoni kwa kanga karibu mchana kutwa wa Alhamisi, jua likichoma na chumba kikiwa na joto la kupikia, na kama angekuwa mgonjwa na mnyonge ningeweza kumlaza kitandani na kupumzika. Anayesafiri na mtoto wa umri huo asiende bila mtu mzima wa pili mwenye afya njema. Mume wangu, kwa sababu ya kichefuchefu, kwa saa nyingi alikuwa nusu mtu.

Tulifika Kasanga, ambako kwa bahati kuna gati ya kushukia kwa miguu. Mama mkwe alikuwa amesimama pale tangu alfajiri. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitika, "Marahaba, mwanangu," huku mikono yake ikiwa tayari imemfikia mjukuu. Akamtazama. Kamasi zilikuwa zinatiririka, na kama kawaida ya watoto, alichagua dakika ile kukohoa mara tatu.

"Huyu si mgonjwa?" akauliza. "Mwaka jana ulimzuia kwa sababu ni mgonjwa. Mwaka huu umemleta mgonjwa."

Watu wakacheka. Nilijaribu kueleza pale pale gatini, nikaona maneno hayatoshi, nikangoja jioni. Baada ya kula migebuka, nilimpakata mtoto aliyesinzia, nikamfunua tumbo, nikampa mama mkwe simu yangu na kumwelekeza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, kwa uzito wote, akapotea njiani, akaanza upya. Nikamweleza kuhusu 40. Nikamweleza kuhusu homa isiyo na jina na homa yenye jina, kuhusu miadi iliyoangukia katikati ya maji, na kuhusu vipele ambavyo vingemtokea mjukuu wake mbele ya wageni wa harusi. Hakusema kwamba nilikuwa na haki mwaka ule. Alisema, "Pilau yenyewe ilikuwa imeungua kidogo."

Wakati wa kurudi Kigoma ulipofika, mtoto alikuwa amepata mafua mapya kutoka kwa binamu zake. Mama mkwe akamchukua kutoka mikononi mwangu, akaketi naye kwenye mfuko wa mahindi tuliofungashiwa, akaniomba simu na kuniagiza nikae kimya. Mabaharia walikuwa wanatuita. Yeye akamaliza dakika yake nzima, akarudia tena kwa uhakika, ndipo akamrudisha mtoto mgongoni mwangu na kuifunga kanga kwa mkono wake mwenyewe.

"Ishirini na nane," akasema. "Pandeni."